Mashine ya Jukwaani Iwe na Kazi Moja

Hotuba kwa wapiga vinanda, mafundi mitambo na walimu wa kwaya, Mbeya

Bwana asifiwe.

Wazee wa kanisa na walimu wa kwaya mliokaa mbele, shikamooni. Ndugu zangu mliotoka Iringa, Mafinga na Njombe, kamwene. Wa Tukuyu na Kyela, ndaga. Na ninyi vijana wa bendi mliosimama kule mlangoni kwa kukosa viti, asanteni kwa kuja. Maneno ya leo yanawahusu ninyi kuliko mtu mwingine yeyote humu ndani.

Nimeombwa nizungumzie ubishi ninaoukuta kila penye wapiga vinanda, kuanzia Mwanjelwa hadi Makambako. Sauti tunazozipenda siku hizi zinakaa kwenye plagini, yaani programu ndogo za kompyuta zinazotoa sauti za ala: piano yenye mbao na nyundo zake, ogani ya Hammond, violini zinazojaza ukumbi. Sasa mtu anayezitaka jukwaani afanyeje? Apande na laptopu? Au atafute chombo maalumu kilichoundwa kwa kazi hiyo tu, kisanduku kisicho na kioo kikubwa wala kibodi ya kuandikia, unachochomeka kinanda huku na spika kule?

Msimamo wangu nautoa mapema ili mnisikilize mkijua ninakoelekea. Kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini, kwa umeme wetu, mafundi wetu na mifuko yetu, laptopu ndiyo njia nzuri zaidi. Lakini iwe laptopu iliyotengwa, isiyo na kazi nyingine yoyote. Ile inayochapa barua za ofisi asubuhi, ikaonyesha mpira jioni, kisha usiku ikabebeshwa mkesha, hiyo siitetei hata kidogo. Na wanaotetea visanduku wana hoja nzito ambayo sisi wa laptopu tumeipuuza kwa muda mrefu.

Tuanzie kwenye plagini yenyewe. Mwaka 1996 kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilitoa mfumo wa VST, ambao uliwezesha programu ndogo za kurekebisha sauti kuingia ndani ya programu kubwa ya kurekodia. Mwaka 1999 toleo la pili likaruhusu ala zenyewe kuingia humo. Piano, sinthesaiza na ogani zikawa programu. Lakini plagini haisimami peke yake. Ni mpangaji, na inahitaji mwenye nyumba wa kuipa chumba, kuiletea noti kutoka kwenye kinanda na kuichukulia sauti yake kuipeleka kwenye spika. Studio, mwenye nyumba huyo anaweza kuwa Cubase au Reaper. Jukwaani watu hutumia Cantabile au Gig Performer, na wenye Mac hutumia MainStage.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wapo waliosema nyumba hii ijengwe ndani ya chuma, ifungwe, iuzwe kama chombo cha muziki. Ikatoka Plugzilla, ikatoka Receptor ya Muse Research ya Marekani, baadaye V-Machine ya SM Pro Audio ya Australia. Receptor lilikuwa sanduku la kufunga kwenye raki, lina kidirisha kidogo mbele na vitufe vya kuzungusha. Unaliwasha, unachagua sauti, unapiga. Wanamuziki wa safari walilipenda sana, na nawaelewa.

Ndani ya sanduku lile mlikuwa na nini? Prosesa ya AMD, diski, kumbukumbu, na mfumo uliojengwa juu ya Linux, ambao ni mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows. Yaani kompyuta. Vivyo hivyo kwenye vinanda vikubwa tunavyoviita vya kitaalamu: OASYS ya Korg ya mwaka 2005 na Kronos iliyotoka mwaka 2011, vyote viwili ndani vinaendeshwa na Linux. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimesikia watu wakisema kompyuta haiaminiki jukwaani, kisha wanakaa nyuma ya Kronos na kupiga ibada nzima kwa amani. Wanapiga kompyuta, ila ni kompyuta ambayo hakuna aliyeiwekea michezo, wala WhatsApp, wala filamu za kwenye flashi ya jirani.

Sasa naomba mnivumilie kwenye sehemu hii, kwa sababu hapa ndipo ubishi wote unapokatwa. Kwa nini laptopu inakwaruza? Kwa nini katikati ya wimbo unasikia "ta, ta, ta" kwenye spika?

Sauti ya kidijitali ni namba. Kadi ya sauti, yaani kifaa kinachogeuza namba hizo kuwa sauti ya spika, ikienda kwa kiwango cha 44,100 inahitaji namba 44,100 kila sekunde, kwa upande wa kushoto na wa kulia. Kompyuta haizitoi moja moja, inazitoa kwa mafungu, na fungu hilo ndilo tunaloliita bafa. Ukiweka bafa ya 256, maana yake kila baada ya milisekunde 5.8 kompyuta iwe imemaliza kukokotoa fungu zima na kulikabidhi. Ikitumia milisekunde 3, safi. Ikitumia 5, bado safi. Ikitumia 6, fungu limechelewa, kadi haina cha kupiga, na ukumbi mzima unasikia mkwaruzo.

Vijana wananiletea laptopu wakisema, "Kaka, prosesa inaonyesha asilimia 30 tu, mbona inakwaruza?" Asilimia 30 ni wastani. Prosesa inaweza kukaa karibu bure sekunde nzima, halafu ikashikwa na jambo jingine kwa milisekunde 7 tu, na hizo 7 zikatosha kuharibu beti. Jambo hilo jingine mara nyingi ni dogo na halihusiani na muziki kabisa: draiva ya Wi-Fi, yaani programu inayokiendesha kifaa hicho, inatafuta mtandao, Windows imeamua kupakua apdeti, antivairasi imeanza kukagua mafaili, au prosesa imepunguza kasi ili kuokoa betri. Kwa barua ya ofisi, kusimama kwa milisekunde 7 hakuna anayekuona. Kwa muziki ni aibu mbele ya watu 500.

Angalieni na mguu wa mpiga kinanda kwenye wimbo wa taratibu wa kuabudu. Pedali imekanyagwa. Anapiga chodi ya kwanza, noti nne mkono wa kulia na mbili wa kushoto. Anahamia chodi ya pili, mguu bado uko chini, na noti za kwanza hazijafa. Chodi ya tatu, ya nne, ya tano. Ikifika ya kumi zinaweza kuwa zinalia noti 60 kwa pamoja. Piano nyingi nzuri zimerekodiwa kwa maikrofoni zaidi ya seti moja, na ukiwasha seti mbili, zile 60 zimekuwa 120, nyingi zikisomwa moja kwa moja kutoka kwenye diski. Diski ya kuzunguka inashindwa hapo. Kwa hiyo piano inakwaruza kwenye wimbo wa polepole, wakati kwenye sebene la haraka ilipita salama, na mpiga kinanda anabaki akishangaa.

Wengi dawa yao ni kuongeza bafa. Wanaipeleka hadi 1024, mkwaruzo unaisha, wanashukuru. Lakini bafa ya 1024 ni kuchelewa kwa milisekunde 23, kabla hujahesabu ucheleweshaji wa kadi yenyewe. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 23 ni sawa na kupiga kinanda huku spika yako ikiwa mita 8 mbali nawe. Vidole vinahisi uzito. Mpiga kinanda anaanza kukimbia ili aiwahi sauti yake mwenyewe, mpiga ngoma naye anamfuata, na wimbo ulioanza vizuri unafika mwisho ukiwa umepanda mwendo. Mwalimu wa kwaya anamlaumu mpiga ngoma. Naomba walimu wa kwaya mlikumbuke hili, maana wapiga ngoma wengi wamesemwa bila hatia.

Hapa ndipo hoja ya wenye visanduku ina nguvu. Aliyetengeneza kisanduku alichagua prosesa moja, kadi ya sauti moja, mfumo mmoja, akaondoa kila kisichohusika. Hakuna draiva ngeni, hakuna apdeti ya kushtukiza, hakuna kijana wa kuazima ili aangalie matokeo ya Simba na Yanga. Uaminifu wa kisanduku unatokana na nidhamu hiyo, na nidhamu hiyo inaweza kuhamishiwa kwenye laptopu. Chuma chenyewe hakina muujiza.

Sasa tuje kwenye umeme, na hapa nazungumza na watu wanaojua.

Umeme ukikatika katikati ya ibada, kila kisicho na betri kinazima. Jenereta inawashwa, au haiwashwi kwa sababu mtu wa mafuta hajafika, hatimaye spika zinarudi. Kisanduku kisicho na betri kimezimika pamoja na miksa. Sasa kinaanza upya: kinawasha mfumo, kinapakia piano, kinapakia violini, na kama ni benki kubwa ya sauti, mchungaji atakuwa ameshaanza kuomba na wewe bado unaangalia kidirisha. Laptopu haikuzimika. Kadi ndogo ya sauti inayopata umeme kwa waya wa USB haikuzimika. Kontrola, yaani kinanda cha kutuma noti tu kwenye kompyuta, inayopata umeme kwa USB nayo haikuzimika. Spika zikirudi tu, mkono wako uko kwenye chodi. Kwa mtu anayepiga katika ukumbi ambao umeme haukatiki, betri hii ni jambo dogo. Kwa anayepiga Rungwe msimu wa masika, kwangu mimi jambo hili peke yake linatosha kuamua.

Umeme unaporudi nao huwa na hatari yake. Mara nyingi huja na msukumo mkubwa kuliko kawaida kabla haujatulia kwenye volti zake 230. Chaja ya laptopu imetengenezwa kuvumilia kuanzia volti 100 hadi 240, na ikiungua utaipata nyingine mjini siku hiyo hiyo. Kisanduku ambacho ugavi wake wa umeme uko ndani kikiungua, utaanza kuulizia Dar es Salaam, kisha nje ya nchi. Kwa vyovyote vile, wenye laptopu na wenye visanduku, wekeni stabilaiza, na msiwashe vyombo mpaka fundi mitambo aseme umeme umetulia.

Jambo la tatu ni kufungwa. Yule mwenye nyumba wa chuma anachagua wapangaji. Kwenye Receptor, plagini nyingi zilihitaji kwanza kuandaliwa na Muse Research wenyewe ndipo ziingie. Leo Receptor haitengenezwi tena, wala V-Machine. Aliye nayo anaendelea kupiga sauti zilezile alizokuwa nazo, lakini plagini mpya ya mwaka huu haina njia ya kuingia mle. Vyombo vya sasa ni vizuri sana, na sina ubaya navyo: MPC Live ya Akai iliyotoka mwaka 2017, Maschine+ ya Native Instruments ya 2020, Push 3 ya Ableton ya 2023, ile yenye prosesa ndani. Vyote vinafanya kazi bila kompyuta pembeni. Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho, kikiwa peke yake, utakichomekea plagini yoyote uliyoizoea ya Windows. Vinapiga sauti zilizoruhusiwa na mtengenezaji. Kijana anayejichanga miezi na miezi akitegemea kuingiza piano aliyoizoea, anakuja kugundua hilo akiwa ameshalipa. Ulizeni kabla ya kulipa. Swali ni moja tu: je, plagini hii, kwa jina lake, inaingia humu bila kompyuta?

Na mafundi wetu je? Laptopu za ofisi zilizotumika, zile ThinkPad na Latitude, zimejaa madukani. Skrini yake inajulikana, betri yake inapatikana, kuna kijana anayeweza kuifungua, kuisafisha feni na kubadilisha pasta ya prosesa ukiwa umesimama hapo hapo. Ikifa kabisa unanunua nyingine ya toleo lile lile, unahamisha SSD, ile diski isiyozunguka, na mara nyingi inawaka na kila kitu chako ndani. Huwezi kufanya hivyo na kisanduku ambacho nchi nzima kipo kimoja.

Basi, laptopu iliyotengwa inatengwaje?

Isiwe na kazi nyingine. Nimeshalisema na nitaendelea kulisema, kwa sababu mambo mengine yote yanabomoka hapo. Kama kwaya ina laptopu moja tu ya kuonyesha maneno ya nyimbo ukutani na ya kupiga piano, basi piano itoke kwenye kinanda na laptopu ionyeshe maneno.

Windows isafishwe, iwekwe upya, kisha programu ya kupangishia plagini, plagini zenyewe, draiva ya kadi ya sauti, basi. Draiva iwe ya ASIO, aina iliyoundwa kupitisha sauti bila kuchelewa, iliyotolewa na mtengenezaji wa kadi. Wi-Fi na Bluetooth zizimwe kabla ya kupanda jukwaani, na usizizime kwenye programu tu. Nenda kule kwenye orodha ya vifaa, Device Manager, ukazifunge. Mpangilio wa umeme uwe wa nguvu kamili, na ile tabia ya Windows ya kuzima tundu la USB ili kuokoa betri iondolewe. Ipo programu ya bure iitwayo LatencyMon. Iache ikimbie nusu saa huku unapiga, itakuonyesha kwa jina ni draiva gani inayokuibia milisekunde. Kumbukumbu ya GB 8 inatosha kuanzia, 16 ni raha. SSD ni lazima, na sitajadiliana na mtu kuhusu hilo.

Kuna mtu ataniuliza juu ya Windows 10, kwa kuwa Microsoft ilisimamisha huduma yake Oktoba 14, 2025, na laptopu nyingi za zamani haziruhusiwi kuingia Windows 11. Kwa mashine inayoingia mtandaoni kila siku, hilo ni jambo la kuhangaikia. Kwa mashine ya jukwaani isiyounganishwa na mtandao, ni nafuu: haitabadilika tena. Siku ukihitaji kuingiza plagini mpya, pakua kwenye mashine nyingine, kagua, ihamishe kwa flashi yako mwenyewe.

Nizungumze na plagini za kukreki, najua tumezizoea. Nitasema kama fundi na kama Mkristo. Kama fundi: programu iliyovunjwa kufuli na mtu usiyemjua, ukaiingiza kwa kuzima antivairasi kama maelezo yake yanavyokuamuru, umempa mtu huyo funguo za mashine yako. Nimeona laptopu ambayo nusu ya prosesa ilikuwa inatumika na kitu kilichojificha ndani ya kifungashio cha piano ya kukreki, na mwenyewe alikuwa ameshabadilisha kadi ya sauti akidhani ndiyo mbovu. Kama Mkristo, mnajua wenyewe tunaimba nini juu ya sauti hizo. Na hakuna ulazima. Sinthesaiza ya Surge XT ni bure. Vital ina toleo la bure. Dexed ni bure, inakupa sauti za ile DX7 ya Yamaha ya mwaka 1983, zile piano za umeme ambazo kwaya zetu za zamani zilizirekodia kaseti baada ya kaseti. Ogani ya setBfree ni bure. Mwenye fedha kidogo ya piano, aitazame Pianoteq: haitumii rekodi, inakokotoa nyuzi na nyundo kwa hesabu, kwa hiyo faili lake ni dogo mno na diski haisumbuliwi hata pedali ikikaa chini mpaka amina.

Pianoteq inanifikisha kwa vijana wa chuo na wa ufundi mliopo hapa, kwa sababu kuna njia ya tatu. Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya ukubwa wa kadi iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2012, sasa ina nguvu ya kutosha kubeba muziki. Upo mradi wa wazi uitwao Zynthian, ambao umejenga juu yake chombo kamili cha muziki chenye kioo na vitufe, na mchoro wake uko wazi kwa kila mtu. Pianoteq inaingia humo, setBfree inaingia, sinthesaiza ya ZynAddSubFX inaingia. Plagini za Windows haziingii kirahisi, kwa sababu prosesa yake ni ya jamii nyingine, ARM. Lakini mashine hii inakula umeme kidogo, inaweza kuendeshwa na pawa benki nzuri, na ikiharibika unabadilisha kadi ya kumbukumbu au bodi nzima. Mwaka 2024 kiini cha Linux, toleo la 6.12, kilipokea rasmi uwezo wa kufanya kazi kwa muda kamili usiochelewa, jambo ambalo watu wa muziki walikuwa wakilibandika wenyewe kwa miaka mingi. Kisanduku maalumu kikitengenezwa hapa Mbeya na mtu anayekijua kila skrubu, ile hoja yangu ya mafundi inaanguka yote, na nitafurahi ianguke. Mmoja wenu akikitengeneza, aniite nikipige.

Nigusie hali ya hewa yetu, maana vitabu vya maelekezo havikuandikwa kwa ajili ya Njombe. Mwezi wa Julai laptopu imelala kwenye gari usiku kucha, asubuhi unaiingiza kanisani, watu mia nne wanapumua na kuimba, na chuma baridi kinatoa jasho, nje na ndani. Usiiwashe. Iache ndani ya begi lake, begi likiwa limefungwa, mpaka ipate joto la ukumbi polepole. Ndugu zangu wa Kyela mna tatizo la upande wa pili. Mashine iliyotulia Tukuyu itashuka bondeni kwenu karibu na ziwa, itapata joto, na prosesa itajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na mnakumbuka kinachofuata prosesa ikipunguza kasi. Huku mjini Mbeya tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, feni inasukuma hewa kidogo kuliko inavyodhani, ila baridi yetu inatusaidia. Adui wetu sisi ni vumbi la kiangazi. Fungueni feni, zisafisheni kabla ya Agosti. Kisanduku kisicho na feni kinawashinda hapa wenye laptopu wote, nalikubali hilo bila ubishi.

Na ule mvumo, "mmmm", unaosikika mara tu unapochomeka chaja? Ni mzunguko wa ardhi kati ya chaja yako na miksa. Chomoa chaja usikilize. Ukiisha, umeshajua. Dawa yake ni DI, kile kisanduku kidogo cha kupitishia sauti kwenda kwenye miksa, yenye swichi ya kukata ardhi kwenye waya wa sauti, na waya wa kwenda kwenye miksa uwe wa XLR. Nawaombeni sana, msikate ule mguu wa ethi, yaani wa ardhi, kwenye plagi ya umeme. Maikrofoni imeshikwa na mtoto wa Sunday school mwenye mikono yenye jasho. Mvumo hauui mtu.

Nimeletewa swali kwa karatasi kabla sijasimama, na nadhani wengi mnalo. Kwaya moja ina fedha ya mavuno. Ina kinanda cha zamani ambacho sauti zake hazipendezi tena lakini vitufe vyake ni vizima. Wanauliza: tukiuze, tuongezee, tununue chombo kikubwa cha kisasa?

Jibu langu ni hapana. Msikiuze. Kinanda hicho kina tundu la MIDI au USB la kupelekea noti kwenye kompyuta, na hivyo ndicho kontrola yenu. Nunueni laptopu moja ya ofisi iliyotumika, SSD, kadi ndogo ya sauti yenye draiva yake ya ASIO, na DI mbili. Sauti ya laptopu iingie chaneli ya kwanza ya miksa. Sauti ya kinanda chenyewe, ile isiyopendeza, iingie chaneli ya pili, piano ikiwa imechaguliwa tayari, na fundi mitambo aishushe hadi chini. Kila unachopiga kinaenda pande zote mbili kwa wakati mmoja. Siku laptopu itakapokwama, na mashine yoyote iliyotengenezwa na binadamu ina siku yake, wewe usiguse kitu. Endelea kupiga. Fundi mitambo anashusha ya kwanza na kupandisha ya pili. Fanyeni zoezi la kubadilishana hivyo kwenye kila mazoezi ya Alhamisi, bila kumwambia mpiga kinanda ni beti ya ngapi, mpaka kwaya iache kugeuka kuangalia.